IMAM GHAZALI: MWANACHUONI ALIYEIHOJI NAFSI YAKE



Ndugu wanafunzi, kila mwaka mitihani inapomalizika swali moja huzunguka majumbani mwetu: mtoto huyu atafanya kazi gani? Baba anataka awe daktari, mama anataka awe mwalimu, na marafiki wanatazama penye mshahara mnono. Ni mara chache kijana kuambiwa akae peke yake, aichunguze nafsi yake, ajue anataka nini na kwa nini anakitaka. Katika toleo hili tunakuleteeni maisha ya mtu aliyejiuliza hayo wakati tayari ameshapata kila ambacho watu hukitamani. Naye ni Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Imam Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus, Khurasan, upande ambao leo ni kaskazini mashariki ya Iran. Imepokewa kuwa baba yake alikuwa mtu maskini aliyesokota sufu na kuiuza. Yeye mwenyewe hakubahatika kusoma, lakini aliwapenda sana wanavyuoni. Alipohisi mauti yamekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu, akamwachia na akiba yake ndogo ili awasomeshe.

Akiba ile ilikwisha. Mlezi wao, ambaye naye alikuwa fukara, aliwashauri wajiunge na madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Ukubwani Imam hakulificha jambo hili. Alikiri kwamba mwanzo wao haukuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ni elimu yenyewe iliyowarudisha Kwake.

KUTAFUTA ELIMU

Alisoma kwanza Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Husimuliwa kwamba alipokuwa akirudi, majambazi waliuvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na daftari zake za masomo. Aliwafuata akiwaomba wamrudishie daftari tu. Mkuu wao alimcheka, akamshangaa mtu anayedai kuwa na elimu ilhali elimu yake yaweza kuibwa pamoja na mfuko. Daftari alirudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma. Alipofika nyumbani alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baadaye alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramayn Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, akasoma kwake mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 Hijria (1085).

CHEO CHA BAGHDAD

Mwaka 484 Hijria (1091) Nizamul Mulk, waziri wa dola ya Waseljuki, alimteua kufundisha katika madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 34 tu. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa lake, na wakubwa wa dola walimheshimu. Mtoto wa msokota sufu alikuwa amefika kileleni.

KUIHOJI NAFSI YAKE

Hapo ndipo alipoanza kujihoji. Aliitazama kazi yake ya kufundisha, ambayo kwa nje ni miongoni mwa kazi bora kabisa, akaichunguza nia yake ndani yake. Aligundua kuwa kinachomsukuma ni kutaka jina na cheo. Alijiona kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo la moto.

Kujua ni jambo moja na kuamua ni jambo jingine. Kuanzia mwezi wa Rajab mwaka 488 Hijria (1095), kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma huvunjika. Mwishowe ulimi wake ulifungika, akawa hawezi kufundisha hata neno moja. Chakula hakikupita, mwili ukadhoofika. Matabibu walikata tamaa wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni.

Alimwelekea Mola wake kwa unyonge, na kuacha cheo kukawa kwepesi kwake. Aligawa mali yake, lakini hakuwatupa watoto wake. Aliwawekea cha kuwatosha. Alikwenda Damascus, akakaa huko karibu miaka miwili katika ibada, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Alizuru Baitul Maqdis, kisha akaenda Makka kuhiji na Madina kumzuru Mtume (S.A.W.).

KAZI ILE ILE, NIA MPYA

Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa Ulumid Din, kitabu ambacho mpaka leo kinasomeshwa hata katika mwambao wetu. Humo alilaumu jambo linalotuhusu sana. Aliona miji mingi haina tabibu Mwislamu, na hali utabibu ni faradhi ya kutosheleza, yaani wote hupata dhambi ikiwa hakuna anayeifanya. Wanafunzi walijazana katika fiqhi na mijadala kwa kuwa huko kulikuwa na njia ya kupata ukadhi, usimamizi wa wakfu na ukubwa. Alihesabu hata ukulima, ufumaji na ushoni miongoni mwa kazi ambazo umma hauwezi kuishi bila ya kuwa na watu wake.

Mwaka 499 Hijria (1106) waziri Fakhrul Mulk, mtoto wa Nizamul Mulk, alimtaka arudi kufundisha Nishapur. Hakukimbilia. Alijihoji tena, akawashauri watu wema, nao wakakubaliana kwamba arudi. Kwa nje ilikuwa kazi ile ile ya zamani. Yeye mwenyewe alieleza tofauti: zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kuachia cheo.

Mwishowe alirudi Tus, akajenga madrasa karibu na nyumba yake. Alifariki mwezi wa Jumadal Akhira mwaka 505 Hijria (Disemba 1111), akiwa na umri wa miaka 55.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kabla ya kuuliza kazi gani, uliza kwa nini unaitaka. Kaa peke yako baada ya sala, ujijibu kwa ukweli.

2. Tazama watu wako wanahitaji nini. Huenda kazi wanayoikimbia wenzako ndiyo inayokungoja wewe.

3. Si lazima kuacha kazi. Mara nyingine kinachotakiwa kubadilika ni nia.

4. Jihoji, kisha shauriana na wazee na walimu wako, na umwombe Mwenyezi Mungu kwa sala ya istikhara.

5. Nanyi wazazi, mtoto aliyeanza kusoma kwa ajili ya chakula alikuja kuwa Imam. Msimkatie tamaa, na msimchagulie kabla ya kumsikiliza.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika kazi zenye kheri na sisi na umma wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.