Maisha ya Al-Khalil bin Ahmad, Mpepetaji wa Maneno

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hutumia kazi ya mtu huyu bila kumjua. Tunapofundishwa kanuni za kutunga mashairi, mwalimu huziita arudhi. Aina za mashairi huitwa bahari, na sauti za a, e, i, o, u huitwa irabu. Majina haya yote matatu yametoka katika elimu ya Kiarabu, na mtu aliyeiweka elimu hiyo katika utaratibu ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi. Nimependa kuyaeleza maisha yake kwa sababu aliifanya kwa bidii ya ajabu kazi ambayo sisi bwenini huifanya kwa mchezo, yaani kupewa herufi chache na kutafuta maneno yaliyomo ndani yake.

Al-Khalil alizaliwa Omani karibu na mwaka 718, katika kabila la Azd. Omani ni nchi ile ile ambayo majahazi yake yalivuka bahari kwa pepo za kaskazi kuja pwani yetu kwa karne nyingi. Alipokuwa bado kijana alikwenda Basra, katika nchi ya Iraki, mji uliojaa wafanyabiashara na wanavyuoni. Huko alisoma kwa walimu wakubwa, miongoni mwao Abu Amr bin al-Ala na Isa bin Umar, na baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu. Mwanafunzi wake mmoja, Sibawayh, aliyekuwa Mwajemi, aliandika kitabu cha sarufi ya Kiarabu ambacho wanavyuoni hukitegemea hata leo.

Ingawa sifa zake zilienea, Al-Khalil aliishi maisha ya kimaskini katika kibanda cha matete. Yasemekana kwamba liwali mmoja tajiri, Sulayman bin Habib, alimtuma mjumbe kumwita aende akawafundishe watoto wake kwa malipo mema. Al-Khalil alimtolea mjumbe yule kipande cha mkate mkavu, akamweleza kuwa maadamu anacho hicho, hana haja na Sulayman. Watu walisema kwamba wengine walikula mali kwa elimu yake, na yeye mwenyewe akabaki kibandani pake.

Kazi yake ya kwanza iliyomtoa mbele ya wenzake ilikuwa ya mashairi. Waarabu walikuwa wakitunga kwa masikio tu, wala hapakuwa na mtu aliyepata kueleza kwa nini ubeti huu unakwenda sawa na ule unachechemea. Husimuliwa kwamba Al-Khalil alipita katika soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa zamu, akatambua kuwa shairi nalo lina mapigo yanayoweza kuhesabiwa. Akajifungia akiyapima mashairi kwa sauti, kipande kwa kipande, hata mwanawe alipomwona akatoka mbio kuwaambia watu kuwa baba ameingiwa na wazimu. Mwisho wake alizipanga bahari 15, na mwanachuoni Al-Akhfash akaongeza ya 16.

Tena alitengeneza alama za irabu. Kabla yake waandishi walionyesha irabu kwa nukta za rangi, nazo zilichanganyika kwa urahisi na nukta za herufi zenyewe. Yeye alizibadili zikawa alama ndogo zinazowekwa juu na chini ya herufi. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizitumia alama hizo, maana bila ya irabu konsonanti zile zile zaweza kusomwa kwa namna nyingi.

Sasa nafikia kazi kubwa kuliko zote. Al-Khalil alitaka kuandika kamusi itakayokusanya maneno yote ya Kiarabu pasipo kusahau hata moja. Lakini mtu atajuaje kwamba hakusahau? Akikaa na kuyakumbuka maneno jinsi yanavyokuja, hatajua amefika wapi. Basi akaanza na herufi badala ya maneno. Kiarabu kina herufi 28, na shina la neno huwa na herufi mbili, tatu, nne au tano. Herufi mbili hupangwa kwa njia 2, tatu kwa njia 6, nne kwa njia 24, na tano kwa njia 120. Nimefanya hesabu hiyo mwenyewe, bila kurudia herufi katika shina moja. Mashina ya herufi mbili ni 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400, na ya tano 11,793,600. Jumla ni 12,305,412, na hesabu hiyo hiyo imo katika vitabu vya zamani vinavyomtaja.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kupepeta, kama mama anavyopepeta mpunga kwa ungo. Alichukua herufi tatu, kwa mfano k, t na b, akazigeuza njia zote sita. K-t-b ni kuandika, na kwetu imeleta kitabu, katibu na maktaba. K-b-t ni kukandamiza, na b-t-k ni kukata. Mpangilio wenye neno aliuita unaotumika, na usio na neno aliuita uliopuuzwa. Tena hakuufuata utaratibu wa alifu, bee, tee, bali alianza na herufi zinazotoka kooni, akamalizia na zile za midomoni. Herufi ya kwanza ikawa ayn, na kwa hiyo kamusi yake inaitwa Kitabu cha Ayn.

Ugumu uko hapa, nami naona ndipo penye funzo kwetu. Mtu atasemaje kwamba mpangilio fulani hauna neno? Labda neno lipo ila yeye hajalisikia. Al-Khalil alilijua jambo hilo, naye elimu yake ya maneno aliitafuta hata kwa Waarabu wa majangwani, waliozungumza lugha ya wazee wao. Sisi bwenini tulijaribu herufi a, i, l na m. Wa kwanza alipata lima, kama ilivyopasa hapa Mabogini penye mashamba ya mpunga na mifereji. Wakafuata waliopata mali na mila. Mwenzetu wa mjini akatoa lami, na aliyependa vitabu akatoa imla. Katika njia 24 tulipata maneno matano, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyeyapata yote peke yake.

Chukueni pia neno mfongo. Kijana wa pwani akipewa herufi zake atazipanga na kuzitupa kama makapi, lakini kwa mzee Mchaga mfongo ni mfereji unaoteremsha maji ya mlima hadi mgombani, na babu zake waliuchimba kwa mikono. Neno kama hilo halijapuuzwa. Linatungoja sisi twende tukaulize. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, neno huzikwa naye, na hapana hesabu itakayolifufua.

Al-Khalil alifariki Basra, wengine wasema mwaka 786, wengine 791. Husimuliwa kwamba alikuwa akitafuta njia rahisi ya hesabu, ili hata mtumishi wa kike akienda dukani asipunjwe na mwenye duka. Aliingia msikitini akiwa amezama katika fikira hizo, akajigonga kwenye nguzo, na hilo likawa sababu ya kifo chake. Kamusi yake ilimaliziwa na mwanafunzi wake Al-Layth, na wanavyuoni wamebishana sana ni sehemu gani iliandikwa na nani. Katika miaka ya 1980 ilichapwa Baghdad kwa majuzuu manane.

Haya ndiyo maisha ya Al-Khalil. Hakuacha nyumba wala mashamba, lakini watu wanaoandika kamusi na wanaotunga mashairi wamekula katika chungu chake kwa zaidi ya miaka 1,200. Wasomaji wenzangu, tufungapo shule muhula huu, kila mmoja na achukue daftari aende kwa bibi au babu yake, akaandike maneno 20 asiyoyajua. Haba na haba hujaza kibaba.