Mahatma Gandhi: Kijana Aliyeanza Kuisoma Dini Yake Ugenini

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, India, mwaka 1869, katika familia ya Kihindu. Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria. Huko marafiki wawili walimwalika wasome pamoja Bhagavad Gita. Akaona haya, kwani hakuwa ameisoma hata kwa lugha ya kwao. Ndipo akaanza, na kitabu hicho kikamwongoza maisha yote. Alisoma pia Biblia, na Mahubiri ya Mlimani yakamgusa moyo. Mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini, alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Aliuawa mwaka 1948, angali Mhindu.

Nasi, tunapowaaga vijana wetu waondokao Kilangala, tujiulize: wakialikwa ugenini kuieleza Injili, watakuwa wameisoma nyumbani kwetu, au wataona haya?