Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyeikabidhi barafu meli yake

Septemba 1893, kaskazini mwa Siberia, meli ya mbao iitwayo Fram iliachwa kwa makusudi inaswe na barafu. Mabaharia wa zama hizo waliliogopa jambo hilo kuliko dhoruba. Kiongozi wa msafara, Fridtjof Nansen, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa amelifuata huko.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na Christiania, mji ambao leo ni Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 aliivuka Greenland pamoja na wenzake watano. Walianzia pwani ya mashariki, yenye watu wachache mno, hivyo hapakuwa na pa kurudi.

Fikra ya Fram ilitokana na mabaki ya meli ya Kimarekani, Jeannette, iliyozama upande wa Siberia mwaka 1881. Miaka mitatu baadaye vitu vyake viliokotwa kusini-magharibi mwa Greenland. Basi barafu husafiri, na meli imara ingeweza kusafiri nayo. Wakongwe wengi wa safari za ncha waliubeza mpango huo.

Meli ilichukuliwa na barafu kwa takriban miaka mitatu. Kamba za kupimia kina zilikuwa fupi, kwani bahari hiyo ilidhaniwa kuwa na kina kidogo. Mabaharia wakafumua waya wa chuma, wakasokota kamba mpya, na kina kikapita mita 3,000. Kipimajoto nacho kilileta habari kubwa zaidi: chini ya maji baridi ya juu, kuanzia mita 200 hivi, kulikuwa na maji yenye joto zaidi yatokayo Atlantiki. Nansen aligundua pia kwamba barafu haiufuati upepo moja kwa moja, bali hukengeuka kuelekea kulia. Msweden Vagn Walfrid Ekman alilieleza jambo hilo kwa hesabu: sababu ni mzunguko wa dunia.

Machi 1895 Nansen na Hjalmar Johansen waliiacha meli ili waitafute ncha yenyewe. Walifika nyuzi 86 na dakika 14, wakarudi nyuma, kisha wakapitisha majira ya baridi kibandani wakila nyama ya dubu. Ndiyo sehemu inayosimuliwa mno, ingawa vipimo vya Fram vina thamani kubwa zaidi. Mwaka 1896 watu wote 13 walirejea salama.

Baadaye, pamoja na Bjørn Helland-Hansen, alichunguza uhusiano wa joto la Atlantiki ya kaskazini na la hewa. Wakimbizi walimjua kwa sababu nyingine: pasipoti ya Nansen, iliyoanzishwa mwaka 1922 kwa watu wasio na nchi. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki tarehe 13 Mei 1930.

Barafu ya bahari ni kifuniko: huurudisha angani mwanga wa jua, na wakati wa baridi huzuia joto la maji lisipande hewani. Inapopungua, bahari hufyonza joto kiangazi na kulitoa majira ya vuli. Ncha ya kaskazini sasa inapata joto kwa kasi kuliko dunia kwa jumla, hivyo tofauti ya joto kati yake na kusini, inayoziendesha pepo za juu za magharibi, hupungua karibu na uso wa dunia. Ni kwa kiasi gani hilo huleta baridi kali au mvua zisizokoma Ulaya, wanasayansi wangali wanabishana. Kati ya mwaka 2006 na 2008, meli ya Kifaransa Tara iliiachia barafu kama Fram, kwa njia iliyokaribiana na yake. Ilitumia takriban nusu ya muda.