Amin Huyu Alibeba Kamera, Sio Bunduki

Ukitaja jina Amin pale Bukoba au Muleba, wazee wanakumbuka vita ya 1978. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na Amin mwingine: Mohamed Amin, maarufu kama Mo, mpiga picha wa habari. Umati ukianza kukimbia vurugu, yeye alikuwa anazikimbilia.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Tanganyika. Mwaka 1963, bado kijana kabisa, alianzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam.

Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea 1964, alikwenda kupiga picha. Miaka miwili baadaye kamera ilimponza: alifungwa gerezani Zanzibar karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa kurudi Kenya.

Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Mo alifika haraka, akarekodi watu waliopigwa na butwaa, akaingia hadi ndani ya gari la wagonjwa. Siku chache baadaye hasira za waombolezaji zililipuka mitaani, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Kazi ya mwaka huo ilimpa tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni Uingereza.

Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya majeshi ya Tanzania kumng'oa Idi Amin, Mo na mwandishi wa BBC, Brian Barron, walimfuata mafichoni Jeddah, Saudi Arabia, na kumrekodi.

Oktoba 1984, huko Korem, Ethiopia, alikutana na umati wa aina nyingine. Hawakuwa na mabango wala mawe. Walikuwa maelfu ya watu wamekaa chini, njaa imewamaliza. Mo hakuhitaji mbwembwe, aliwaonyesha walivyo. Dunia ikashtuka, misaada ikamiminika.

Mwaka 1991 bohari la silaha lililipuka Addis Ababa. Msaidizi wake wa sauti alifariki, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Watu 125 walifariki, Mo akiwemo.

Siku hizi kila mwenye simu anaweza kurekodi umati. Mo yeye alilipia picha zake kwa kifungo na kwa mkono wake.