John Akii-Bua: Mukimbiaji aliyekuja kuwa mukimbizi

Kwa miaka 40, inchi jirani ya Uganda ilikuwa na medali moja tu ya zahabu ya Olimpiki. Aliyeileta ni John Akii-Bua, polisi, mutoto wa Lango kaskazini ya Uganda, aliyezaliwa mwezi wa 12 mwaka 1949.

Muchezo wake ulikuwa mita 400 za viunzi: unazunguka uwanja mara moja huku unaruka vizuizi 10. Mwalimu wake, Muingereza Malcolm Arnold, njo alimutayarisha. Mwaka 1970 kule Edinburgh, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alimaliza wa ine.

Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1972, mu fainali ya Munich, Ujerumani, walimupa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, yenye kona kali ambayo wakimbiaji hawaipendi. David Hemery, bingwa wa 1968, alikuwemo. Ralph Mann wa Marekani pia. Akii-Bua akawaacha wote: sekunde 47,82. Mbele yake hakuna mutu aliyeshuka chini ya sekunde 48.

Nyumbani Idi Amin alimupa nyumba na cheo. Lakini Akii-Bua alikuwa Mulango, kabila moja na Milton Obote, prezida ambaye Amin alimupindua mwaka 1971. Walango wengi, askari na raia, waliuawa miaka ile.

Mwaka 1976 alingojea Montreal. Inchi nyingi za Afrika, Uganda ndani, zilikataa kucheza, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilienda Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Edwin Moses wa Marekani akashinda kwa 47,64. Rekodi ikaenda bila Akii-Bua kuitetea.

Mwaka 1979, wakati vita vilimuangusha Amin, alikimbilia Kenya na familia yake, wakawekwa mu kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu Puma ikamuchukua Ujerumani, ikamupa kazi. Mwaka 1980 alikimbia tena Moscow, lakini hakufika fainali.

Kisha alirudi Uganda, akafundisha vijana. Alikufa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1997, na miaka 47 tu, na serikali ikamuzika kwa heshima. Zahabu ya pili ya Uganda, ile ya Stephen Kiprotich mu marathoni ya London 2012, hakuiona.