Bell wa Karamoja na Siri ya Bunduki Nyepesi

Askari wakaapo kivulini baada ya kutoka katika uwanja wa shabaha, hoja moja haikosi kuzuka: bunduki iliyo bora ni ile nzito au ile nyepesi? Wapo washikiliao kwamba bunduki kubwa ndiyo silaha ya mwanamume, na kwamba mwenye bunduki ndogo ni sawa na aliyekwenda vitani na kijiti. Hoja hiyo huwa kali zaidi kwa wale wapendao mchezo wa kupiga visahani vya udongo. Visahani hivyo hurushwa angani kwa mtambo, na mpigaji hutakiwa kuvivunja kwa marisau kabla havijaanguka chini. Kisahani kimoja kina upana wa sentimita 11 hivi, wala hakitaki nguvu nyingi ili kivunjike. Punje chache zikikifikia, kwisha habari yake. Basi akikosaye kisahani hakukikosa kwa sababu bunduki yake ni ndogo, bali kwa sababu mtutu haukuwapo mahali ulipopaswa kuwapo.

Jambo hilo alilijua vyema mtu mmoja aliyepita Mbale zaidi ya miaka 100 iliyopita, akielekea kaskazini kuwinda ndovu. Jina lake lilikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell, lakini wawindaji wa dunia nzima humkumbuka kwa jina la Bell wa Karamoja. Maisha yake yana mafunzo mawili kwa kila mchukua silaha: moja la kufuatwa, na jingine la kuogopwa.

Bell alizaliwa Scotland mwaka 1880, katika jamaa yenye mali. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule hakuipenda, na angali mvulana alitoroka akaenda kufanya kazi baharini. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla hajatimiza miaka 20, alifika Afrika Mashariki wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa. Akapata kazi ya kuwalinda wajenzi wa reli dhidi ya simba, akiwa na bunduki iingiayo risasi moja tu kwa wakati mmoja.

Kutoka huko alikwenda Kanada, katika baridi kali ya Klondike ambako watu walikuwa wakiikimbilia dhahabu. Dhahabu haikumtajirisha, akashika kazi ya kuwinda wanyama na kuwauzia wachimbaji nyama, na mwenzake katika biashara hiyo akamdhulumu fedha. Vita vya Makaburu vilipozuka Afrika Kusini, Bell alijiunga na kikosi cha wapanda farasi cha Kanada, apate njia ya kurudi Afrika. Huko farasi wake alipigwa risasi, yeye akatekwa, kisha akatoroka na kuwarudia wenzake. Vita vilipokwisha mwaka 1902, alishika njia ya kuja Afrika Mashariki kwa mara ya pili.

Siku hizo reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu. Kutoka hapo misafara ya biashara ilikwenda Mumias kujiandaa, kisha ikaelekea Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mbale ulikuwa mji mchanga, uliokua kuyazunguka makao ya Semei Kakungulu, jemadari mashuhuri ambaye ujanani mwake naye alikuwa mwindaji wa ndovu. Waswahili, Waarabu, Wahindi na watu wa mataifa mengine walikutana hapo, wote wakiitafuta pembe. Mwaka 1906 Kakungulu mwenyewe aliwekwa Jinja, mahali Mto Nile utokapo ziwani, kuliongoza baraza la machifu wa Busoga. Hivyo Jinja na Mbale zilikuwa zimeingia katika mpango wa utawala. Lakini mbele ya Mbale, katika nyika za Karamoja, serikali haikuwa na mkono bado. Huko ndiko Bell alikokwenda, na huko ndiko alikotumia miaka yake ya kwanza ya uwindaji mkubwa.

Wakati huo wawindaji wengi wa misafara walitumia gobori. Silaha hiyo hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na wawindaji wa ndovu walikuwa wakiizidisha baruti hata bunduki ikampiga mwenyewe teke la begani karibu kumwangusha. Wazungu nao walikuwa na bunduki kubwa za mitutu miwili, zilizoundwa Uingereza kwa bei ya juu. Nyingine zilikuwa na uzito wa kilo 6 au 7, na risasi yake moja ilipata gramu 48 au zaidi. Rai ya watu wote ilikuwa moja: mnyama mkubwa huuawa kwa bunduki kubwa.

Bell hakuikataa rai hiyo kwa maneno. Aliipima kwa kazi. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, na pamoja nayo bunduki nyepesi ya kipimo cha 303, kile kile kilichotumiwa na majeshi ya Uingereza. Alipozitumia zote mbili aliona jambo moja. Ndovu aliyepigwa mahali panapostahili alianguka papo hapo, ikiwa risasi ni kubwa au ni ndogo. Aliyepigwa mahali pasipostahili alikwenda zake na jeraha, ikiwa risasi ni kubwa au ni ndogo. Ukubwa wa risasi haukumsamehe mpigaji kosa lake.

Ndipo alipofanya lile ambalo wengi hawakujisumbua kulifanya. Alichukua fuvu la ndovu, akalikata kwa msumeno kati kwa kati, akalichungua. Kichwa cha ndovu ni kikubwa mno, lakini sehemu yake kubwa ni mfupa wenye matundu kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe ni mdogo, nao umejificha ndani. Bell alijifunza mahali ulipo, kwa kumtazama mnyama kutoka mbele, kutoka ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari. Shabaha hiyo ya mshazari kutoka nyuma ilikuwa ngumu kupita zote, naye akaiweza hata wawindaji wakaiita kwa jina lake.

Baada ya kujua mahali pa kupiga, ndipo alipochagua cha kupigia. Kwa muda alitumia bunduki ya Mannlicher ya milimita 6.5, ambayo ilikuwa nyepesi sana, naye aliipenda. Lakini risasi alizozipata kwa bunduki hiyo zilimtia taabu, akaiacha. Alijua ya kwamba bunduki haiwezi kuwa bora kuliko risasi zake. Silaha aliyodumu nayo ilikuwa ya milimita 7, yenye mtambo wa Mauser wa Ujerumani, iliyouzwa na kampuni ya Rigby ya London. Uzito wake ulikuwa kilo 3 na kitu. Risasi yake ilikuwa ya gramu 11 tu, ndefu, yenye ganda gumu lisilopondeka, nayo ilipenya moja kwa moja bila kupinda njia. Kwa hesabu aliyoiweka, Bell aliua ndovu 1,011 katika maisha yake, na wengi wao waliangushwa na bunduki ya kipimo hicho.

Sababu za uchaguzi wake zilikuwa za kiaskari kabisa. Kwanza, risasi ndogo haipigi teke kubwa, na mtu asiyeliogopa teke hafumbi jicho wala hastuki anapobonyeza kifyatulio. Pili, kazi yenyewe ilikuwa kazi ya miguu. Bell alikadiria kwamba kila ndovu dume mmoja alimgharimu mwendo wa maili 73, na kwa mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Mtu wa mwendo kama huo, akibeba kilo 7 za chuma, humfikia mnyama mikono ikitetemeka. Tatu, bunduki ya mitutu miwili ilikuwa na risasi mbili tu, lakini ile ya komeo ilikuwa na zaidi, naye aliivuta komeo kwa wepesi bila kuishusha bunduki begani. Nne, mlio wake haukuwa mkubwa, na mara nyingi kundi halikutambua upesi hatari ilikotoka.

Lakini bunduki pekee haikumfanya Bell kuwa Bell. Wawindaji wengine waliwapa watumishi bunduki zao wawabebee. Yeye alibeba yake mwenyewe. Alipokuwa akitembea aliinua mara kwa mara, akailenga shabaha yoyote iliyokuwa mbele yake, akabonyeza kifyatulio bila risasi ndani. Alifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, hata bunduki ikawa kama mkono wake wa tatu. Husimuliwa ya kuwa siku moja, kwa kutaka kumaliza risasi zilizobaki, aliwapiga ndege walioruka juu ya ziwa kwa bunduki ya risasi moja moja, na watazamaji wakadhani anatumia marisau. Mpiga visahani vya udongo ataelewa maana ya habari hiyo.

Wala hakuwa peke yake. Huko Karamoja aliambatana na Pyjale, Mkaramoja hodari aliyezijua nyayo na tabia za ndovu kuliko mgeni yeyote. Aliyemletea habari ya kundi zuri alizawadiwa ng'ombe. Bila macho na miguu ya wenyeji, shabaha yake yote isingempatia pembe hata moja.

Baada ya Karamoja aliwinda katika nchi ya Lado, Ethiopia, Liberia na sehemu nyingine za Afrika. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, alijiunga na kikosi cha ndege cha Uingereza, akawa rubani. Aliruka juu ya Tanganyika iliyokuwa ya Wajerumani, kisha akapelekwa katika nchi za Balkani, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Baada ya vita alioa, akaandika vitabu, akarudi Scotland na kujishughulisha na mashua za tanga. Alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 73.

Hilo ndilo funzo la kufuatwa. Sasa lipo lile la kuogopwa. Ndovu 1,011 ni wengi mno kwa mtu mmoja, naye aliwaua kwa ajili ya pembe. Biashara hiyo iliyompatia mali ndiyo iliyoingiza Karamoja bunduki nyingi, maana wafanyabiashara walizitoa ili wapate pembe. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ikawafungia wafanyabiashara njia ya Karamoja, na doria za King's African Rifles zikapelekwa huko. Wenyeji hawakubakiwa na utajiri. Walibakiwa na silaha, na damu iliyomwagika kwa silaha katika nchi hiyo miaka mingi baadaye inajulikana na kila askari aliyepata kupelekwa huko. Ndovu nao waliobaki leo katika Bonde la Kidepo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1962, hulindwa na watu wenye bunduki, ambapo zamani bunduki ndiyo iliyowamaliza. Silaha haina dhambi wala thawabu. Vyote viwili ni vya yule aishikaye.

Tukirudi katika hoja ya kivulini, tusiichukue habari ya Bell kijuujuu. Yeye hakuichukua bunduki nyepesi akaitia risasi nzito. Katika mchezo wa visahani, bunduki ya marisau ya namba 12 yaweza kupata kilo 3 na nusu au zaidi, na ile ya namba 20 hupungua hata ikakaribia kilo 3. Lakini ukiipunguza bunduki uzito na kuiachia risasi ile ile, teke litazidi badala ya kupungua, kwa sababu uzito wa bunduki ndio ulimezao. Tena bunduki nyepesi mno huanza mwendo upesi na kukoma upesi. Asiyeizoea hukisimamisha kisahani moyoni, akakipita mkononi. Basi achaguaye bunduki nyepesi na achague pia marisau machache, aipime begani kama apimavyo koti, kitako kimkae shavuni bila kuinamisha shingo, kisha aishike kila siku hata imzoee.

Kwa polisi aliye mjini Jinja au Mbale, jambo hili si la mchezo tu. Risasi iliyotoka katika silaha isiyowezwa na mwenyewe haipotei hewani. Huenda ikampata mama aliye sokoni au mtoto atokaye shule. Wahenga walisema fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka. Bell alitufundisha kuongeza ya kwamba mkono wenyewe sharti uijue fimbo, na jicho lijue kichwa cha nyoka kilipo. Atakayeyajua hayo hatauliza tena bunduki ya nani ni kubwa.