Bibi Mary Bankes na Ngome ya Corfe

Je, mmewahi kusikia habari za mama aliyepigana vita kwa mawe na makaa ya moto? Basi tegeni sikio.

Ngome ya Corfe iko juu ya kilima huko Dorset, kusini mwa Uingereza. Mahali hapo palijulikana kwa umwagaji wa damu tangu zamani. Mwaka wa 978 Mfalme Edward, kijana mdogo, aliuawa hapo. Wenyeji husimulia kwamba mama yake wa kambo alimpa kinywaji, na alipokuwa akinywa, akachomwa kisu.

Miaka mingi baadaye ngome ilinunuliwa na Sir John Bankes, jaji wa Mfalme Charles wa Kwanza. Mkewe ndiye Mary. Mwaka wa 1642 vita vilizuka kati ya Mfalme na Bunge. Mwaka uliofuata, Sir John akiwa mbali kwa Mfalme, mamia ya askari wa Bunge waliizingira ngome. Mary alikuwa ndani na watoto, vijakazi na askari wapatao 80 tu. Je, alisalimu amri? Ng'o! Adui walipopanda ngazi, yeye, binti zake na vijakazi waliwamwagia mawe na makaa. Baada ya wiki sita hivi, adui wakaenda zao.

Mwishoni mwa 1644 Sir John alifariki. Mjane huyo alizingirwa tena, lakini safari hii mambo yaliharibika kutoka ndani. Februari 1646 afisa wake mmoja, Pitman, aliwaingiza askari wa Bunge wakijifanya ni wa kuja kusaidia. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Bunge liliamuru ngome ibomolewe. Kuta zikachimbuliwa na kulipuliwa kwa baruti, na wanakijiji wakachukua mawe wakajengea nyumba zao. Hata hivyo, inasemekana adui walimrudishia Mary funguo kwa kuheshimu ushujaa wake. Funguo hizo zimehifadhiwa Kingston Lacy, katika jumba alilojenga mwanawe, Ralph. Mary aliaga dunia mwaka wa 1661.

Siku hizi watalii huja kuyaona magofu. Wengine huambiwa kuna mwanamke asiye na kichwa, mwenye nguo nyeupe, anayetembea hapo usiku. Hiyo ni hadithi tu. Lakini Mary alikuwa mtu kweli, na mizinga haikumweza. Aliyemweza ni mtu wake mwenyewe. Wenzangu, tuchague marafiki kwa uangalifu.